Kusikiliza Masomo Bila Kutafuta Pointi

Katika parokia zetu swali hili linarudi mara nyingi: mtu asiye na diploma, ao mwenye diploma lakini hatafuti nyingine, anaweza kuingia katika iniversite na kusikiliza somo moja tu, bila kufanya ekzameni na bila kupata pointi? Wengine wanajibu upesi kwamba haiwezekani. Wengine wanajibu upesi vilevile kwamba inawezekana, tena mtu huyo atarudi na karatasi mkononi. Majibu haya mawili yote yana kosa. Tunataka kueleza hapa jambo lenyewe ni nini, Eklezya inasema nini juu yake, na namna gani linaweza kuleta faida ao hasara katika kazi yetu.

Tuweke mfano kusudi tuelewane. Mfano tumeutunga sisi, lakini mambo yake si mageni kwa mtu yeyote anayekaa katika tambarare ya Ruzizi. Katekista mmoja wa Luvungi alifika kidato cha nne, kisha feza ikakosekana. Ana miaka ishirini ya kazi. Anatayarisha wachumba kwa Sakramenti ya Ndoa, na jioni watu wanamletea magomvi yao: mahari haikumalizika, mjane anafukuzwa katika nyumba, ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba la mpunga. Anasikia kwamba Bukavu kunafundishwa somo la sheria ya jamaa. Anakwenda kwa paroko na kumwambia: «Padri, mimi sitaki kuwa mwanasheria. Nataka tu kusikia, nisiendelee kuwajibu watu kwa kubahatisha.» Padri amjibu nini?

I. Jina na maana yake

Mtu wa namna hii, kwa Kifaransa wanamwita «auditeur libre». Sisi tutasema: msikilizaji huru. Anaingia mahali pa kufundishia kwa ruhusa, anakaa, anasikiliza, anaandika katika daftari lake. Hapewi kazi za kusahihishwa, haitwi kwa ekzameni, na jina lake halisomwi siku ya kutangaza matokeo.

Tumtofautishe na mwanafunzi wa kweli. Katika nchi yetu, ili mtu aandikwe kama mwanafunzi wa iniversite, lazima awe na diploma ya Serikali, ile inayopatikana kwa ekzameni ya taifa mwisho wa masomo ya sekondari. Sheria ya mafundisho ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mpango mpya wa masomo, lisansi, masta na dokta, ambamo masomo yanahesabiwa kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Mwanafunzi anakusanya krediti hizo moja moja, kama mjenzi anavyopanga matofali. Msikilizaji huru hapati hata moja. Akisikiliza masomo kumi, hesabu yake kwa Serikali ni sifuri. Na kama siku moja akipata diploma na kuandikwa, kwa kawaida ataanza kama wengine, na ekzameni atazifanya zote.

Waseminari wasichanganye neno hili na mengine yanayofanana nalo. Katika baraza la hukumu la Eklezya «auditor» ni yule anayetumwa na hakimu kukusanya ushuhuda (kanoni 1428), na mahakimu wa Rota ya Roma wanaitwa «auditores» tangu zamani. Hao wanasikiliza kwa kazi na kwa mamlaka. Msikilizaji wetu hana mamlaka yoyote; ana masikio na nia njema.

Inafaa tukumbuke jambo moja zaidi. Ile nyumba kubwa ambamo wanafunzi wa Bukavu, wa Lubumbashi na wa Kinshasa wanafundishwa, wote wanaiita «auditoire», maana yake mahali pa kusikilizia. Haikuitwa mahali pa pointi. Pointi zilikuja nyuma, juu ya haja ya kupima. Kusikiliza kulikuwa mbele.

II. Sheria ya Eklezya

Kitabu cha sheria za Eklezya, alichokitangaza Papa Yoane Paulo wa Pili tarehe 25 Januari 1983, kinasema wazi katika kanoni 229 kwamba walaiki wana haki ya kujifunza mafundisho ya Kikristo kadiri ya uwezo na hali ya kila mmoja. Kisha kinaongeza kwamba wana haki pia ya kupata elimu kamili zaidi ya mambo matakatifu katika iniversite za Eklezya na katika vyuo vya elimu ya dini, na kinataja njia mbili: kuhuzuria masomo, na kupata daraja za elimu. Tusome vizuri. Sheria haikusema kwamba njia ya kwanza ni bure pasipo ya pili. Imeziweka zote mbili, bega kwa bega.

Juu ya makatekista, kanoni 780 inawaagiza maaskofu waangalie wapate matayarisho yanayofaa na mafundisho yasiyokatika. Juu ya mapadri, kanoni 279 inawaomba waendelee na masomo hata baada ya upadri, tena si ya teolojia peke yake: sheria inataja elimu nyingine pia, zile hasa zinazosaidia uchungaji. Basi padri wa parokia anayejifunza kidogo juu ya udongo ao juu ya sheria ya nchi hapotezi wakati wake.

Lakini hapa waseminari watafute tofauti, kama walivyofundishwa. Kanoni 250 inadai kwa wanaojitayarisha kuwa mapadri miaka sita kamili ya filozofia na teolojia, miwili kwa minne. Masomo hayo hayafanywi kwa kusikiliza tu. Mseminari aliyeanguka katika somo moja hawezi kusema: «Nilikuwepo, nilisikia, inatosha.» Watu watamkabizi roho zao, Eklezya ina haki ya kujua kama alielewa. Kusikiliza bila pointi kunafaa kwa yale yanayoongezwa juu ya wajibu. Hakuwezi kuchukua nafasi ya wajibu wenyewe.

III. Desturi ya zamani

Jambo hili si geni katika Eklezya. Katika karne za kwanza wakatekumeni waliitwa «audientes», wanaosikiliza. Walisikia masomo na mahubiri, kisha walitoka kabla ya sehemu ya Ekaristi. Sisi wa Kivu tunajua desturi hiyo kwa njia ya Mapadri Weupe: mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza miaka minne ya matayarisho kabla ya ubatizo, na wazee wetu walikaa muda mrefu kwenye ukumbi wa sala wakisikiliza, bila kudai kitu.

Lakini mfano mkubwa kupita yote ni Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Tagaste, katika nchi tunayoiita leo Aljeria. Yeye alikuwa msikilizaji mara mbili, na matokeo mawili hayakufanana.

Mara ya kwanza alikuwa kijana huko Kartago. Alijiunga na Wamanikeo, na dini ile ilikuwa na vyeo viwili: wateule, waliobeba masharti mazito, na wasikilizaji, waliobeba mepesi. Augustino alikaa karibu miaka tisa kati ya wasikilizaji. Alisikia mengi, alibishana sana, aliwavuta na rafiki zake. Maisha yake hayakugeuka. Alikuwa mlangoni: hakuingia, hakuondoka.

Mara ya pili alikuwa Milano, ambako alifika mwaka 384 kama mwalimu wa ufasaha. Akaanza kwenda kumsikiliza Askofu Ambrosio. Hakwenda kutafuta mafundisho. Alitaka kupima tu kama Ambrosio anajua kusema kama watu walivyomsifu. Lakini pamoja na maneno yakaingia mambo. Alisikia namna Askofu alivyoyaeleza Maandiko ya Agano la Kale, na vizuizi vilivyomsumbua miaka mingi vikaanza kuanguka. Hakuna aliyempa pointi. Yeye mwenyewe alianza kujiuliza maswali, kusoma, kuchunguza, kulia. Alibatizwa na Ambrosio katika usiku wa Pasaka mwaka 387.

Tofauti ya mara mbili hizi ni nini? Mara ya kwanza kukaa bila masharti kulimpa raha. Mara ya pili alijiwekea masharti mwenyewe. Hilo ndilo neno kubwa tunalotaka lishikwe na kila msomaji: mtu anayesikiliza bila kupimwa na wengine lazima ajipime mwenyewe, ama sivyo atasikia miaka tisa na kubaki yule yule.

Nje ya mambo ya dini pia desturi hii inajulikana. Katika Paris kuna Collège de France, iliyoanzishwa mwaka 1530 na mfalme François wa Kwanza. Maprofesere wake ni wakubwa sana, milango iko wazi kwa kila mtu, hakuna kuandikwa na hakuna diploma. Mwanafunzi, mzee, mfanyakazi, wote wanakaa pamoja.

Na katika Konsilio ya Vatikano ya Pili yenyewe kulikuwa na wasikilizaji. Papa Paulo wa Sita aliwaita walaiki, na tangu Septemba 1964 aliita wanawake pia, masista na walaiki. Afrika ilikuwa na Eusèbe Adjakpley wa Togo. Hawakuwa na kura. Lakini tusizani walikaa kama sanamu: walifanya kazi pamoja na komisyo zilizotayarisha maandiko, na tarehe 13 Oktoba 1964 mmoja wao, Mwingereza Patrick Keegan, alisema mbele ya maaskofu wote juu ya utume wa walaiki. Asiye na kura anaweza kuwa na neno, kama alisikiliza vizuri.

IV. Katekista wetu atapata nini?

Turudi Luvungi. Tuseme amepokelewa na amesikiliza saa thelathini za sheria ya jamaa. Amepata nini?

Amejua kwamba nchi ina kitabu cha sheria ya jamaa tangu tarehe 1 Agosti 1987, na kwamba kilitengenezwa upya kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Amejua kwamba mwanamume na mwanamke wote wawili lazima wawe wametimiza miaka 18 ili waoane, hata wazazi wakikubaliana vingine. Amejua kwamba sheria ya nchi inaitambua mahari, na kwamba ndoa ya kimila inahitaji kuandikwa kwa ofisa wa Serikali. Akisikiliza na somo la sheria ya udongo, atajua kwamba tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote ni mali ya Serikali, na kwamba karatasi ya mashamba inatoka katika ofisi fulani, haitoki mfukoni mwa mtu. Mjane akija jioni, katekista hatamwambia tena: «Vumilia tu, ndiyo desturi.» Atamwambia: «Mama, kuna sheria inayokulinda. Kesho twende kwa mtu anayeijua kupita mimi.»

Hayo si kidogo. Lakini yana mpaka, na mpaka huo ndio unaotuletea hofu. Mtu mwenye saa thelathini za sheria si mwanasheria. Akianza kuandika barua za mahakama, kupokea feza kwa shauri, ao kuwaacha watu wamwite «Maître», ameharibu jina lake, na pengine mjane atapoteza nyumba yake juu ya shauri bovu. Tena mtu huyo akivaa jina la katekista, aibu itaangukia Eklezya nzima. Faida ya kusikiliza ni kujua zaidi, na pia kujua mahali ujuzi wako unapokoma.

V. Namna ya kufanya

Kwanza, aombe ruhusa mbili. Moja kwa mkubwa wake: katekista kwa paroko, mseminari kwa rekta, sista kwa mama mkubwa, padri kwa askofu. Nyingine kwa chuo. Sheria za vyuo hazifanani. Chuo kimoja kinakubali kwa malipo madogo, kingine kinamwachia profesere aamue, kingine kinakataa kabisa. Katika Bukavu, iwe kwenye Iniversite ya Katolika iliyoanzishwa mwaka 1989, iwe kwenye vyuo vingine, mtu aende kuuliza ofisini kabla ya kuingia darasani, aonyeshe kitambulisho, aulize bei, apokee jibu lililoandikwa. Asiingie kwa kujificha kati ya wanafunzi. Kusikiliza kwa siri si uhuru.

Pili, achague somo moja. Kutoka Luvungi mpaka Bukavu, kwa barabara ya taifa namba 5, lazima apite Kamanyola na kupanda Ngomo, na nauli si mchezo. Vita nayo imefunga njia mara nyingi. Mtu hawezi kupanda na kushuka kila siku. Lakini masomo mengine, hasa ya maprofesere wanaotoka mbali, yanatolewa kwa mfululizo, siku nzima, muda wa juma moja ao mawili. Somo la namna hiyo linamfaa mtu wa mbali, akipata kwa kulala.

Tatu, akae kama mgeni mwenye adabu. Afike mapema. Wanafunzi walioandikwa ndio wenye viti na vitabu vya somo. Yeye akae nyuma. Aulize swali moja lililoiva kuliko kumi mabichi. Asimfanye profesere ajibu magomvi ya kijiji chake mbele ya watu mia. Mtoto Yesu katika hekalu alikaa katikati ya walimu, akasikiliza, akauliza. Mwinjili Luka ametaja kusikiliza mbele.

Nne, awe na daftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwanafunzi anasoma tena usiku kwa hofu ya ekzameni. Msikilizaji hana hofu hiyo, basi ajitungie ingine. Kila jioni aandike, daftari likiwa limefungwa, mambo matatu aliyoyaelewa na moja alilokosa kuelewa. Akirudi, ayaeleze katika shirika mbele ya watu wanaomjua. Hakuna ekzameni kali kupita ile ya mama mzee anayekuuliza: «Mwalimu, maana yake nini?» Kama hawezi kujibu kwa lugha ya kijiji, hakuelewa.

Tano, juu ya karatasi. Chuo kikimpa barua ya kushuhudia kwamba alikuwepo, ni vizuri, aitunze. Barua hiyo inasema tu: mtu huyu alihuzuria. Haisemi kwamba anajua, wala haifungui mlango wa kazi. Tunajua kwamba kuna watu wanaouza karatasi zinazofanana na diploma. Katekista asinunue, na mtu akimpa bure asipokee. Karatasi ya uongo ni uongo, hata ikiwa na muhuri. Na mtu anayewafundisha watoto amri ya nane hawezi kuitundika ukutani.

VI. Neno kwa walio mlangoni

Ninyi wenye kazi ya kuruhusu na kukataa, mapadri, marekta, maprofesere, mna kishawishi cha namna mbili.

Cha kwanza ni dharau: «Huyu hana diploma, atasikia nini?» Tukumbuke kwamba makatekista wengi waliokomaza imani ya wazazi wetu hawakuwa na karatasi yoyote, na Maandiko waliyajua kuliko wengi wetu. Mtakatifu Augustino, karibu na mwaka 400, alimwandikia shemasi Deogratias wa Kartago kitabu kizima juu ya namna ya kuwafundisha wanaokuja mara ya kwanza kusikia. Mwalimu yule mkubwa hakuona aibu kumshauri ampe msikilizaji aliyechoka kiti akae.

Cha pili ni ulegevu: kumpokea mtu na kumwacha kama mwavuli uliosahauliwa kwenye kona. Profesere akiwa na nafasi, amwombe msikilizaji mwisho wa somo aeleze kwa dakika tano jambo moja aliloshika. Hatampa pointi, lakini atampa heshima ya kupimwa. Na paroko aliyetoa ruhusa amwulize akirudi. Kama hakuna anayemwuliza kitu, mwaka ujao hataomba tena.

Basi tumjibu katekista wetu. Padri amwambie: «Nenda, ni haki yako, na Eklezya inaitambua. Hutarudi na krediti wala cheo. Ukirudi na daftari lililojaa na ulimi wa kujizuia, parokia imepata faida.» Kisha, kama sanduku la parokia linaruhusu, amsaidie nauli.

Sisi sote, hata wenye daraja kubwa za elimu, tutabaki wasikilizaji. Siku ya mwisho Bwana hatatuuliza tulipata pointi ngapi juu ya ishirini. Atatuuliza tulifanya nini na neno tulilolisikia.